Siku nne Yorkshire Dales: tumetoka Malham tumerudi Malham, na buti langu moja halikurudi zima

Naandika hii miguu iko kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, kwa hiyo nikichanganya mambo mahali mnisamehe. Wengi mliniuliza ile safari ilikwendaje, picha mmeziona, sasa haya ndo maneno yenyewe. Kwa msioijua, Yorkshire Dales ni hifadhi ya taifa ya vilima na mabonde huku kaskazini ya Uingereza.

Tulikuwa tisa. Kundi letu la hapa Leeds lilianza kama mchezo tu, Shangazi alipimwa sukari ikaonekana imepanda, daktari akamwambia atembee, na Shangazi hawezi kufanya kitu peke yake, basi akatukokota wote. Ni mtu wa Mombasa, nesi mstaafu, na kila mtu anamwita Shangazi hata wasiokuwa na shangazi Mombasa. Anayetuongoza tunamwita Mwalimu, mzee wa Kiingereza ambaye ujanani alifundisha hesabu Singida, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha hawa vijana wetu waliozaliwa hapa. Halafu kuna kaka wa Bukavu, wanafunzi wawili, mtu na mkewe kutoka Arusha, jirani yao Mrundi, na mimi mtu wa Tanga.

Ijumaa: Malham mpaka Arncliffe, kama kilomita 18

Tumeondoka Leeds kwa minibasi ya kukodi bado giza, kufika Malham saa tatu kasorobo, tukaliacha gari pale pale maana mpango ni kuzunguka mduara na kurudi lilipo. Mwisho wa Oktoba. Shuleni tulifundishwa kwamba msimu huu ni vuli, lakini vuli niliyoikulia mimi ni mvua za kupandia mahindi, na hii ya huku ni majani kuwa rangi ya binzari halafu kudondoka na wewe kudondoka nayo, kwa sababu yakilowa juu ya jiwe yanateleza kuliko ganda la ndizi. Nilijua hilo dakika ya ishirini, chali, mbele ya watu.

Kwanza tukapita kwenye msitu mdogo wenye harufu ya vitunguu saumu iliyochoka mpaka Janet's Foss, maporomoko mafupi tu, yanaingia kwenye dimbwi la kijani. Zamani wachungaji waliwaogesha kondoo humo kabla ya kuwanyoa. Janet anayesemwa ni malkia wa majini (wale viumbe wasioonekana) wa pale, anakaa kwenye pango dogo nyuma ya maji. Shangazi kusikia hivyo akasoma Ayatul Kursiy akatuambia twendeni zetu. Pembeni kuna magogo yamepigiliwa sarafu mpaka yana magamba kama samaki, watu wanatoa nadhiri kumbe hata huku.

Mbele kidogo ni Gordale Scar, na hapa nilinyamaza. Unatembea kwenye bonde la kawaida lenye majani, unakata kona, mara kuta mbili za mawe zinakuinamia kila upande, zaidi ya mita 100 kwenda juu, maji yanaanguka katikati. Kuna mchoraji anaitwa James Ward alipachora mwanzoni mwa miaka ya 1800 kwenye turubai la zaidi ya mita tatu kwa nne, liko jumba la sanaa la Tate kule London, niliwahi kuliona nikadhani jamaa kaongeza chumvi. Hakuongeza. Ukitaka kuendelea lazima upande kwenye mwamba ule ule maji yanapomwagika. Wanafunzi walitaka. Shangazi akasema yeye ana mjukuu wa kuozesha. Tukazunguka.

Malham Cove wengi mnaijua kwa picha. Ni ukuta wa mawe ya chokaa mweupe uliopinda kama hilali, urefu kama mita 80 na upana karibu 300, na mwisho wa zama za barafu palikuwa na maporomoko makubwa ya maji ya barafu iliyoyeyuka. Siku hizi ni pakavu juu, ingawa Desemba 2015 ilipiga dhoruba maji yakamwagika tena kutoka juu, jambo ambalo hakuna aliye hai aliyewahi kuliona. Ngazi ni kama 400. Kaka wa Bukavu alizihesabu kwa sauti mpaka 212 akaacha, akasema "Bandugu, hii mlima iko na roho mubaya."

Juu kumetandikwa mawe makubwa bapa yenye nyufa katikati, kama mtu kamwaga sakafu kisha ikapasuka ilipokauka. Mvua ndiyo iliyokula jiwe taratibu maelfu ya miaka. Nyufa nyingine zinafika kiunoni na ndani yake mna mimea inayojificha upepo na kondoo. Kifuniko cha hotpoti ya chapati kilibingirika kikaingia kwenye ufa mmoja, tulilala kifudifudi watu wanne tunakichokoa kwa fimbo na kilikuwa kinaonekana kabisa, kinatuangalia, na hakikutoka. Kipo huko mpaka sasa. Chapati tulizimaliza hapo hapo ili zisipoe.

Sasa kitu kilichonikaa kichwani safari nzima. Ukitoka pale unafuata bonde la Watlowes, bonde kamili la mto, kuta huku na huku, kila kitu kipo isipokuwa mto. Unapanda, unapanda, halafu juu unakutana na kijito kinakuja kinacheka vizuri tu kutoka ziwani, Malham Tarn, kinafika sehemu inaitwa Water Sinks na kinaisha. Hakuna shimo kubwa kama nilivyotegemea. Maji yanafika kwenye mawe, yanapungua, yanapungua, mwisho unabaki umesimama juu ya kokoto zilizolowa. Niliinama nikaweka sikio, nikasikia kama mtu anagugumia chumba cha pili.

Mwalimu akauliza, haya, yanaenda wapi? Sote tukasema yanatokea chini ya ule ukuta wa Cove, maana kijito kinatoka pale tumekiona kwa macho. Akacheka. Watafiti walitia rangi kwenye maji wakafuatilia, kumbe yale yanayotoka Cove yamezamia kwingine, karibu na palipokuwa na kiwanda cha kuyeyushia madini ya risasi, na haya ya ziwani yanapita chini kwa chini yanaibukia kusini ya kijiji, Aire Head. Mikondo miwili inapishana gizani. Nikamwambia Mwalimu nikirudi nataka kupaona hapo yanapotokea. Akasema Jumatatu, kama miguu itakuwepo.

Ziwa lenyewe liko mita 377 juu ya bahari, na mtu mwenye akili atauliza kama mawe haya yanavujisha maji hivyo ziwa limekaaje? Limekalia mwamba mwingine, wa zamani zaidi, usiopitisha maji. Upepo wa hapo usiniulize. Ndipo buti langu la kulia lilipoanza kucheka. Nililinunua la mitumba, bei ya kutupa, muuzaji kaniapia halijavaliwa mara tatu. Soli ikafungua mdomo mbele, ikawa kila hatua inasema pwa, pwa. Mrundi wetu akalifunga kwa tepu nyeusi ya umeme, zungusha zungusha, tukaendelea njia inayoitwa ya watawa juu ya korongo mpaka tukaiona Arncliffe chini, vinyumba vimekaa kimya kuzunguka uwanja wa majani, na jua linazama.

Jumamosi: Arncliffe mpaka Kettlewell, fupi lakini

Kama kilomita sita tu ila unapanda mgongo wa kilima na kushuka upande wa pili, na ilikuwa inanyesha. Ile mvua ya huku isiyo na hamu, haipigi, inakulowesha tu kama mtu anayekunyima salamu.

Asubuhi tulichungulia kanisa la Arncliffe, mna orodha ya wanaume wa bonde hili waliokwenda kupigana Flodden, vita vya Waingereza na Waskoti, mwaka 1513. Majina ya wakulima tu. Baa ya pale wanamimina bia kwenye jagi moja kwa moja kutoka kwenye pipa, kaka wa Bukavu alithibitisha jana usiku, wengine tukathibitisha chai. Mtandao wa simu hakuna, mke wa yule wa Arusha alitembea uwanjani ameinua simu kama anayetafuta kibla.

Ila nataka niwaambie habari ya kondoo. Tulipoanza kupanda tukakuta kondoo jike wengi wana doa jekundu mgongoni karibu na mkia, wengine hawana. Mmoja wa wanafunzi akasema labda ni alama ya mwenye mali. Shangazi akasema ni dawa. Tukakutana na mkulima mwenyewe kwenye geti, ana pikipiki ya magurudumu manne na mbwa kasimama nyuma kama konda, Mwalimu akamuuliza, jamaa akatuonyesha dume lake. Ni aina inayoitwa Swaledale, uso mweusi pua nyeupe, pembe zimejikunja, hiyo hiyo ndiyo nembo ya hifadhi. Kifuani amefungwa mikanda, na kwenye mikanda kuna tofali la rangi. Akimpanda jike, rangi inabaki mgongoni. Kama siku kumi na saba zikipita mkulima anabadilisha rangi, wekundu wanaogeuka kuwa buluu ina maana mara ya kwanza haikushika. Mimba ya kondoo ni miezi mitano hivi, kwa hiyo mkulima akiangalia migongo leo anajua nani atazaa wiki gani majani mapya yakiota.

Shangazi aliangalia lile dume muda mrefu. Halafu akasema, "Ingekuwa wanaume wote wafungwa hivyo, Mombasa tungelala usingizi." Mwalimu akakataa kutafsiri. Mkulima akasisitiza. Mwalimu akatafsiri, na yule mzee alicheka mpaka mbwa akaanza kubweka.

Kwa kufurahi akatuhesabia kondoo kwa namba za zamani alizozisikia kwa babu yake: yan, tan, tether, mether, pip. Hizo ni moja mpaka tano, si Kiingereza, zinafanana na lugha ya Wales, na zinakwenda mpaka ishirini tu, ukifika ishirini unaweka kokoto pembeni unaanza upya. Tangu hapo kwenye kila kituo tulikuwa tunahesabiana hivyo ili kuhakikisha hatujaacha mtu. Mimi nilikuwa pip.

Juu ya mgongo wa kilima mawe ya chokaa yameisha, mwamba mwingine umelala juu, na papo hapo ukavu umeisha. Udongo mweusi kama sifongo. Buti likanywa. Kushuka Kettlewell unapita ufa mwembamba kwenye mwamba ambao mtu mnene lazima avue begi, sitasema nani alivua begi. Hosteli tuliyolala (sitaitaja) ilikuwa imetuandika watu wanane, na risiti ya tisa tunayo mkononi. Mtu wa tisa akalala kwenye kochi sebuleni. Pip.

Jumapili: Kettlewell mpaka Grassington, kilomita 10 na ushee

Usiku saa zimerudishwa nyuma, saa nane ikawa saa saba, wenzangu wakafurahia kulala zaidi mimi kochi halikuniruhusu. Tatizo linakuja jioni: jua la jana lilizama saa kumi na mbili kasorobo, leo saa kumi na moja haijafika limeshazama. Mwalimu akasema leo hakuna kupiga picha kila jiwe.

Na ndiyo siku yenye mawe mazuri. Jua limetoka, na unatembea kwenye kama rafu pana juu ya bonde la mto Wharfe, majani mafupi mikeka mikeka, mwamba mweupe unachomoza, na ng'ambo unaliona jabali la Kilnsey Crag limetoa kidevu juu ya barabara. Na kuta. Hifadhi hii ina zaidi ya kilomita 8,000 za kuta za mawe yaliyopangwa tu, hakuna simenti wala udongo, zinapanda vilima mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa natambaa. Nilikaa kwenye moja iliyobomoka nikaona ndani yake: ni kuta mbili zinazoegemeana, katikati wamejaza vijiwe, na kila baada ya hatua mbili tatu kuna jiwe refu limelala kupita pande zote mbili linazishika zisifunguke kama mdomo wa buti langu.

Kwenye jiwe moja la ukuta huo nikaona vitu kama skrubu. Viduara viduara vimepangana. Mwalimu akasema ni mabaki ya wanyama wa baharini, maua ya bahari wanawaita, wenye shina, na kwamba jiwe hili lote ni mifupa na magamba ya viumbe wa bahari ya joto iliyokuwa hapa zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, na wakati huo nchi hii ilikuwa karibu na ikweta. Shangazi akakwangua na ukucha. "Haya si mawe ya Fort Jesus?" Si yenyewe, ya kwetu ni matumbawe ya juzijuzi ukilinganisha, lakini ukiyatazama karibu ni ndugu, na mimi nimekulia karibu na mapango ya Amboni ambayo ni chokaa hii hii kwa hiyo ule ubaridi unaotoka kwenye mwamba naujua.

Halafu tukafika kwenye tanuru. Liko pembeni ya njia, limejengwa kwa mawe ubavuni mwa kilima, mdomo chini kama wa jiko la mkate, juu shimo. Bango la kulieleza halipo, na mimi sikulihitaji, maana babu yangu alichoma chokaa. Sisi tulifanya chini, wazi: magogo yanapangwa duara, katikati unaacha tundu la moto, juu unamwaga matumbawe yaliyopondwa, unawasha jioni upepo ukitulia. Asubuhi kilichobaki cheupe usikiguse, kinakungoja. Babu alikuwa anakinyunyizia maji kwa kopo lenye matundu na kile kitu kinaanza kuchemka chenyewe bila moto, kinapasuka, kinageuka unga, na sisi watoto tunafukuzwa kwa sababu ya macho. Alikuwa na kovu hapa, chini ya jicho la kushoto, jeupe.

Hawa wa hapa walipanga jiwe na makaa ya mawe, tabaka kwa tabaka, likaungua siku kadhaa, na hawakuwa wanajenga nyumba nayo tu, walimwaga shambani. Udongo wa vilimani una uchachu, chokaa inauondoa, majani yanaota. Nikaingiza kichwa kwenye mdomo wa tanuru. Mawe ya ndani yameungua yakawa na kioo kioo, na kondoo ameacha manyoya. Niliwaambia wenzangu habari ya babu nikaona nimeongea sana, kwanza nilikuwa nawachelewesha, lakini hakuna aliyeniharakisha, hata Mwalimu alikuwa ameweka saa mfukoni.

Magharibi ikatukuta nje ya Grassington. Mimi na Shangazi tukaswali nyuma ya ukuta unaokinga upepo, kwa dira ya Mwalimu, kusini-mashariki, plastiki ya mvua ndo mswala. Grassington ina kiwanja cha mawe ambapo wanapiga ile tamthilia ya daktari wa mifugo iliyoanza kuonyeshwa 2020, watalii wamejaa. Tulikula chips.

Jumatatu: Grassington mpaka Malham, 16 hivi

Hakuna mengi. Threshfield, kisha unapanda, kisha Bordley ambako ni mashamba machache na ukimya, kisha Mastiles Lane, barabara ya majani kati ya kuta mbili ambayo watawa wa Fountains Abbey waliswagia kondoo wao miaka mia kadhaa kabla mfalme hajaivunja abasia mwaka 1539. Kabla yao Warumi walipiga kambi hapo hapo juu, tuta la udongo bado linaonekana ukionyeshwa, usipoonyeshwa unalikanyaga. Tepu ya buti ikakatika hapo. Nikatembea kilomita tano za mwisho soli iko mkononi, namaanisha hivyo, mkononi, maana Shangazi alikataa niitupe kwenye mazingira.

Malham tumeingia saa tisa na nusu. Wenzangu wakaenda kwenye minibasi kuvua viatu. Mimi nikamwangalia Mwalimu, Mwalimu akaangalia jua, akasema robo saa tu. Kaka wa Bukavu akaja naye, "Minataka kuona hii maji ya kuibwa."

Unafuata njia kusini ya kijiji kando ya mto, dakika kumi. Aire Head hakuna maporomoko wala pango. Ni malisho, na pembezoni chini ya kitelemko maji yanatoka ardhini yanabubujika polepole kati ya majani, safi mpaka unaona kila kokoto, na palepale yanaingia mtoni. Tulisimama watu watatu na kondoo mmoja mwenye mgongo mwekundu. Nilichovya mkono, baridi ya jokofu. Kaka wa Bukavu akachovya naye, akanusa vidole, akasema haina harufu ya kusafiri. Kutoka hapo mto unaitwa Aire, unapita Skipton, Keighley, unakuja Leeds. Honi ya minibasi ikapigwa mara tatu, hiyo ni Shangazi, sambusa zimepashwa.

Jana usiku nilikuwa na shifti. Njia yangu inavuka mto pale mjini na sijawahi kusimama darajani hata mara moja, miaka sita. Nikasimama. Maji ya kahawia, kopo la bia linaelea, taa za maghorofa. Nikawa najaribu kuhesabu maji niliyoyachovya Jumatatu yangekuwa yamefika wapi, na nikiwa hapo hapo basi langu likanipita.